Swali la lugha: Kipaumbele cha pili kinakaa wapi?

Msomaji wetu, fundi wa mitandao wa Morogoro, anaandika mwongozo wa ofisini kwao. Ameniletea sentensi hii niikague: "Mfumo utadhibiti trafiki ya mtandao na kutoa kipaumbele cha kwanza kwa pakiti za simu, cha pili kwa video, cha tatu kwa barua pepe." Pakiti ni vipande vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni. Anauliza kama "trafiki" inafaa, au aandike "msongamano".

Trafiki tunayemjua sisi amevaa sare nyeupe na anataka kuona leseni. Andika "kudhibiti trafiki", na madereva wote watakushangilia kwamba hatimaye amepatikana wa kumdhibiti. Msongamano nao si jibu, maana huo ni pale data zinapobanana hadi hazipiti, na data zaweza kupita kwa wingi bila kubanana. Andika "mtiririko wa data", yaishe.

Sasa tuje kwenye kilichoniharibia chai. Kipaumbele cha kwanza! Neno lenyewe limebeba "mbele" tumboni. Anayeliongezea "cha kwanza" ni ndugu wa yule anayepanda juu na kushuka chini, tofauti ni kwamba huyu hualikwa kusoma risala.

Twende zahanati, asubuhi. Benchi limejaa, kila mtu na kadi yake mkononi. Anaingia mama aliyeshikwa uchungu, muuguzi anasema, "Jamani, mpisheni mama." Kapewa kipaumbele. Je, mzee wa jino anayemfuata ana kipaumbele cha pili? Na mimi wa dawa za presha, niliyebanwa ukutani mwisho wa benchi, nina kipaumbele cha kumi na tisa? Sina kipaumbele chochote, ndugu yangu. Nina namba. Lakini msikilize msoma risala: kipaumbele cha kwanza elimu, cha pili afya, cha tatu barabara, hadi tunafika cha kumi na nne na soda zimepata moto. Wote wako mbele. Nyuma kabaki nani?

Fundi atajitetea kwamba mitambo yake ina madaraja kweli. Najua, nilimganda kijana mmoja wa TEHAMA hadi akanieleza. Kila pakiti hubeba usoni nafasi ya biti 6 ya kutiwa alama, kuanzia 0 hadi 63. Ya sauti kwa desturi hupigwa muhuri wa 46, na isiyo na haraka huachiwa 0. Arobaini na sita! Hata ruta, kile kifaa kinachozielekeza pakiti njia, haisemi "cha kwanza", inajua tu nani apishwe. Na sauti haipishwi kwa ukubwa wake. Simu iliyosimbwa kwa G.711, njia mojawapo ya kugeuza sauti kuwa data, inahitaji kilobiti 64 kwa sekunde, na ukiongeza vifungashio vyake kwa kawaida haifiki 100. Shida yake ni kwamba haiwezi kungoja. Ikichelewa sana kupita milisekunde 150, wazungumzaji wanaanza kudakizana maneno. Faili kubwa linalopakuliwa laweza kukaa benchini na kadi yake, hakuna atakayeona tofauti.

Kwa hiyo kama foleni ni tatu, hesabu foleni: ya kwanza ya simu, ya pili ya video, ya tatu ya barua pepe. Foleni inahesabika, hilo ni neno tulilolitoa kwenye amri ya gwaride la Kiingereza, "fall in", na kulileta kwenye bomba la maji. Na hapo kwenye "kudhibiti", uwe muwazi. Kuna kifaa kinachosubirisha pakiti zilizozidi kiwango, na kuna kinachozitupa. Msomaji wa mwongozo anastahili kujua zake zinafanywa lipi kati ya hayo mawili.

Sentensi yako basi: "Mfumo utapanga mtiririko wa data na kuzipa pakiti za simu kipaumbele, za video zitafuata, za barua pepe zitakuwa mwisho." Mkiwa kijiweni semeni mtakavyo. Nimeshasikia "kipaumbele cha kwanza kabisa" na bado ninapumua.

Mwongozo ukikamilika nitumie nakala. Kwa barua pepe, nitasubiri.