Maji umeyatoa wapi?

Nikiwa kidato cha nne nilipewa swali hili: bromidi ya risasi na kloridi ya zinki zimeyeyushwa pamoja, umeme ukapitishwa kwa elektrodi (fimbo za kupitishia umeme) za grafiti. Nini kitatoka? Kwenye kathodi (elektrodi hasi) nikaandika "haidrojeni" bila wasiwasi wowote. Mwalimu akaizungushia wino mwekundu, pembeni akaandika: "Maji umeyatoa wapi?"

Siku hizi nafundisha tuisheni, na hapo ndipo naanzia. Chumvi iliyoyeyushwa kwa moto si mmumunyo: haina maji ya kutoa haidrojeni. Orodhesha ioni (chembe zenye chaji) zilizomo chomboni tu, usiongeze mgeni. Kwenye swali langu zilikuwa nne. Risasi na zinki zinagombea kathodi, na risasi hushinda kwa sababu hupokea elektroni kwa urahisi zaidi. Hutuama chini ikiwa kimiminika. Kwenye anodi (elektrodi chanya) bromidi huitangulia kloridi, unaona mvuke wa rangi ya kahawia nyekundu (ni sumu, usiujaribu jikoni). Kwa jamii hiyo foleni ni iodidi, bromidi, kloridi, halafu floridi mkiani.

Ila msikariri kama kasuku. Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801, kwa hiyo kwenye seli ya Downs (chombo cha kiwandani cha kutolea sodiamu) huongezwa kloridi ya kalsiamu ili joto lishuke hadi karibu 600. Sasa itoke sodiamu au kalsiamu? Ule mpangilio wa metali kwa ukali wake tuliokariri shuleni utakwambia kalsiamu. Jedwali la volti litakwambia sodiamu, -2.71 dhidi ya -2.87 ya kalsiamu (iliyo hasi zaidi hupokea elektroni kwa shida zaidi), lakini namba hizo zilipimwa kwenye maji, nyuzi 25. Ndani ya chumvi ya moto hizo mbili zinakaribiana sana. Kiwandani hutoka sodiamu yenye kalsiamu kidogo, ikipoa kalsiamu hujitenga, wanaichuja. Tofauti ikiwa ndogo hivyo, mimi siapi. Natazama na kiasi cha kila ioni.

Kiasi kina nguvu kweli. Alumini hupatikana kwa kuyeyusha alumina (oksidi ya alumini) ndani ya kriolaiti, madini yenye floridi tele. Oksidi ndiyo hutangulia kwenye anodi, na oksijeni yake huila kaboni ya anodi ikawa kaboni dioksidi. Alumina ikipungua mno, zamu ya floridi inafika, na volti ya seli hupanda ghafla huku tetrafloridi ya kaboni ikianza kutoka.