Maswali na Majibu: Alfajiri kwenye Banda la Injini

Mwezi uliopita niliwasimulia safari yetu: watu tisa, wapenda reli wa kupindukia, siku kumi na mbili, tukihama kutoka depo moja ya vichwa vya treni hadi nyingine huko Poland, Ujerumani, Uswisi na Ufaransa. Nilidhani nimewaandikia vichaa wenzangu watatu wanne. Kumbe barua zimejaa. Nachukua zile ambazo nina cha kujibu.

Ulaya imejaa makumbusho ya treni, safi, yenye mikahawa na vyoo. Kwa nini mkajichafue kwenye madepo? (Msomaji wa Temeke)

Injini ya makumbusho imeshaoshwa na kuvishwa sanda. Naiheshimu, naisoma namba yake, naondoka. Depo ni pale injini inapolala na kuamka, na mimi nilitaka kuiona ikiamka.

Kwa hilo nenda Wolsztyn, mji mdogo magharibi mwa Poland. Banda lake ni la mwaka 1907, na hadi leo injini za mvuke hutoka humo kwenda kuvuta treni za ratiba, zenye abiria waliokata tiketi ya kawaida na kupakata vikapu vyao. Huduma hiyo ilikatika 2014, ikarudi 2017.

Tulifika saa tisa usiku. Mlinzi alikuwa na majina yetu kwenye karatasi, akatufungulia. Ndani giza, harufu ya makaa ya mawe na mafuta yaliyopata moto, na sauti moja tu: injini ya aina ya Ol49, iliyoundwa Chrzanów, kusini mwa Poland, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikipumua taratibu kama mzee aliyelala chali. Moto wake ulikuwa umewashwa tangu jana yake. Hapo ndipo wengi hushangaa. Injini ya mvuke haiwashwi kama pikipiki. Boila, lile pipa la kuchemshia maji, ni tani na tani za chuma. Ukiipa moto mkali kwa pupa, upande mmoja unatanuka kabla ya mwingine na maungio yanaanza kuvuja. Kwa hiyo inapashwa polepole, saa baada ya saa, kama maharage makavu kwenye jiko la mkaa.

Saa kumi akaingia dereva na kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, akaanza kuizunguka injini, kila kiungo tone lake. Mwenzake alikuwa chini shimoni anakokoa majivu. Hakuna aliyetutazama. Tulisimama ukutani kama watoto walioambiwa wakikohoa watafukuzwa. Injini ilipotoka bandani ndiyo kwanza kunapambazuka, mvuke umeifunika hata magurudumu hayaonekani, na mmoja wetu, mstaafu wa benki asiyecheka ovyo, akalia machozi mbele yetu bila kujificha.

Niongeze hili: Wolsztyn isingefika hapa bila wapenda reli wa Uingereza. Tangu miaka ya 1990 walikuwa wakilipa fedha nzuri kwenda kufundishwa kuendesha injini hizo, abiria wa kweli wakiwa nyuma na dereva wa Kipolandi amesimama pembeni akiwachunga. Fedha hizo zilisaidia kuuweka moto ukiwaka. Ukimcheka mpenda reli, kumbuka na hilo.

Depo na karakana si kitu kimoja? (Msomaji wa Kisumu)

La. Depo ni malazi: injini inapewa makaa, maji na mchanga, inatolewa majivu, inakazwa nati mbili tatu, kesho iko njiani. Karakana ni hospitali ya rufaa. Inaingia injini, inavuliwa hadi mifupa, inakaa miezi.

Tuliyoiona ni ya Meiningen, katikati ya Ujerumani, ambayo imekuwepo tangu 1914 na bado inashughulikia injini za mvuke, hata kuunda boila mpya. Waingereza walipoamua kujenga injini mpya kabisa ya mvuke, Tornado, iliyokamilika 2008, boila yake waliiagiza Meiningen. Nchi iliyoifundisha dunia treni! Kundini tulikuwa na Waingereza wawili, na wanasema niliwakumbusha jambo hilo mara nne. Mimi nilihesabu tatu.

Kwa nini mabanda ya zamani ni ya duara? (Mwanafunzi, Morogoro)

Kwa sababu injini nyingi za mvuke zina mbele na nyuma. Ikienda kinyumenyume na lile behewa lake la makaa limetangulia, dereva haoni vizuri na haruhusiwi mwendo mkali. Kwa hiyo lazima igeuzwe. Katikati ya banda kuna kidaraja cha reli kinachozunguka juu ya shimo, mfano wa mshale wa saa. Injini inapanda, kidaraja kinazungushwa, kinaelekezwa kwenye chumba chochote kilicho wazi. Kazi mbili kwa pigo moja: kuigeuza uso na kuipatia mahali pa kulala. Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa. Kidaraja kikikwama, injini zote zilizomo ndani ni mahabusu.

Banda lililoniacha mdomo wazi ni la Chambéry, Ufaransa, chini ya milima ya Alps. Lilijengwa miaka ya mwanzo ya karne iliyopita: duara kamili la kipenyo cha mita 110, reli 36 zikitoka katikati kama njiti za mwavuli, na juu kuba la chuma na vioo. Vichwa vya umeme vya leo vina chumba cha dereva kila upande, havina haja ya kugeuzwa. Lakini banda liko imara na mvua haliingizi, kwa hiyo shirika la reli la Ufaransa linaendelea kulitumia. Nimelipenda hilo kuliko kuba lenyewe.

Shikamoo mzee. Babu yangu alikuwa dereva wa injini za mvuke za aina ya Garratt kati ya Mombasa na Nairobi, akizisifia mpaka kufa kwake. Huko Ulaya zipo? (Msomaji wa Changamwe)

Marahaba, mjukuu wangu. Babu yako hakutia chumvi.

Kama aliziendesha zile kubwa, ni kundi la 59, zilizoitwa kwa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ziliundwa 34, kiwanda cha Beyer Peacock huko Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, ikipita juu ya reli za upana wa mita moja, nyembamba kuliko reli kuu za hao waliozitengeneza. Injini ya mvuke kubwa kuliko hiyo kwenye reli ya upana huo haijapata kuundwa.

Siri ya Garratt ni kwamba boila imening'inizwa katikati, kama mgonjwa kwenye machela, na wabebaji ni seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila moja na pistoni zake. Kwa hiyo injini inajikunja kwenye kona, na uzito wake unatawanyika hata reli nyepesi ikauhimili. Kwa mlima kama ule wa kupanda kutoka pwani, huwezi kuomba zaidi.

Ulaya hutaiona hata moja ya kundi la 59. Itabidi uende Nairobi, makumbusho ya reli, ambako zimesimama mbili: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania. Mpare akifika Nairobi akaikuta Shengena, mlima wa kwao, pale, naona ana haki ya kuipigia hodi.

Lakini ndugu zake wapo, tena wazima. Wales, kwenye reli ya Welsh Highland, kuna Garratt za Afrika Kusini zinazopanda milima na watalii. Ni vibonge vidogo, reli yao haifiki sentimita 60 kwa upana. Reli hiyo ndiyo yenye K1, Garratt ya kwanza kabisa duniani, iliyoundwa Gorton mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania. Na namba 143, ya 1958, ni Garratt ya mwisho kutoka kiwanda hichohicho. Kitinda mimba na kifungua mimba, nyumba moja. Ukitaka ya ukubwa wa heshima, jumba la makumbusho la sayansi na viwanda la Manchester lina namba 2352 ya Afrika Kusini. Ile sasa, tumeshakubaliana, imevaa sanda.

Mume wangu husimama mwisho wa jukwaa akiandika namba za treni kwenye daftari. Ana miaka 52. Ni ugonjwa? (Msomaji wa Hamburg)

Dada, una bahati. Unajua alipo.

Kuandika namba ni desturi ya zamani. Mwaka 1942, vita ikiendelea, kijana mmoja wa ofisi ya reli London, Ian Allan, alichoka kujibu barua za watu waliotaka kujua habari za injini (namwelewa kabisa), akachapisha kijitabu chenye orodha ya namba zao. Kikaisha kama maandazi ya asubuhi. Baada ya hapo ikawa ugonjwa wa vijana wa nchi nzima, na mahali pa kupata namba nyingi kwa mkupuo ni depo, Jumapili, injini zikiwa zimepumzika. Wenye adabu waliomba kibali. Wengine waliruka ukuta. Muulize wako alikuwa yupi.

Naweza kufika tu mlangoni nikaomba kuingia? (Msomaji wa Kigali)

Usifanye hivyo. Andikeni mapema, kama kundi, mkitaja majina, idadi na mtakachotaka kuona. Madepo mengi ya zamani yana siku za kukaribisha watu. Wolsztyn huwa na gwaride la injini za mvuke karibu na mwanzo wa Mei, na Meiningen ina siku zake mwanzoni mwa Septemba. Anzeni hapo. Viatu vigumu, kizibao cha kung'aa, na mwenyeji akisema simama hapa, unasimama hapo.

Sitanii. Ujerumani na Uswisi nyaya za juu ya reli zina volti 15,000, na umeme wa namna hiyo hausubiri uguswe. Ukiusogelea chini ya mita moja na nusu unaweza kukurukia. Kwenye depo moja mwenzetu aliinua kamera juu ya fimbo ndefu apate picha ya paa la kichwa cha umeme. Fundi aliyekuwa mbali alipiga ukelele ambao hauhitaji tafsiri. Ziara ikaishia pale, sote tisa tukatolewa nje, na ilikuwa haki yetu.

Viza? (Wengi)

Viza ya Schengen inatosha kwa Poland, Ujerumani, Uswisi na Ufaransa. Uingereza, yaani na Wales, ni viza nyingine kabisa, omba mapema. Kwa treni, anayeishi Ulaya hununua pasi ya Interrail, na anayetoka nje ya Ulaya Eurail. Piga hesabu kwanza. Kwa safari fupi tiketi za kawaida zinaweza kuwa nafuu.

Mnalilia mvuke. Sisi tuna treni ya umeme Dar hadi Dodoma. Kichwa cha umeme hakina cha kutazamwa bandani? (Msomaji wa Kilosa)

Nilikuwa na dharau hiyo hadi Erstfeld.

Erstfeld iko Uswisi, mguuni mwa mlima wa Gotthard, mahali treni zilipokuwa zikiongezewa kichwa cha pili ili ziweze kupanda. Katika vita vya kwanza vya dunia Waswisi walikosa makaa ya mawe, wakaona maji ya milimani wanayo bure, wakaleta umeme kwenye njia hiyo kuanzia 1920. Vichwa vya umeme vilivyovuta treni za mlima huo vinaitwa Mamba: virefu, pua mbele na nyuma, vyuma vikizungusha magurudumu kama kwenye injini ya mvuke. Mmoja bado ni mzima pale, namba 14253. Mzee aliyetupokea alituonyesha kipande cha kaboni kilichochakaa, kile kinachosugua waya juu ya paa, akatueleza namna kinavyolika safari hata safari, hasa kukiwa na barafu. Nikakaa nikifikiri: kumbe na huyu anachakaa, anachunguzwa kila arudipo, ana mtu wake anayemjua kwa sauti.

Treni zetu za volti 25,000, zilizoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, nazo zinasugua kaboni. Magurudumu yake yanapoteza uduara, yatarudishiwa umbo kwa mashine ya kukereza. Kuna kijana wa Kitanzania anayeamka usiku kufanya kazi hizo. Ningependa kumwona. Nimeshaandika barua ya kuomba.

Mtakwenda tena, na mnachukua wageni? (Msomaji wa Leicester)

Mwakani, Wales, kwa ajili ya zile Garratt. Nafasi ni nne. Usiletwe na mtu kwa kulazimishwa, na njoo na nguo za zamani. Aliyekuja Wolsztyn na suruali nyeupe bado ananidai.