Nimekimbia na mwanangu, sasa wananiita nirudi Vwawa

Mdogo wangu wa Uyole,

Barua yako imeninyima usingizi. Umetoka Vwawa usiku na nguo ulizovaa, mtoto wa miaka sita mgongoni, kwa sababu mume amefika hatua ya kukuinulia panga. Sasa mnalala sebuleni kwa rafiki yako na baridi hii ya Julai, mchana unapanga viazi kwenye sado sokoni. Mama mkwe anapiga simu: rudi, mtoto ni wa ukoo. Mchungaji anasema uvumilie. Unauliza, urudi?

Usirudi. Panga likishainuliwa, hapo hapana tena la kuvumilia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yenyewe inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake.

Lililoniuma zaidi ni lile uliloliandika kwa kupitia tu: umemfundisha mtoto ataje jina lingine akiulizwa, na shule umemwachisha ili msionekane. Hofu yako naielewa. Lakini siku baba yake akitokea hapo Uyole, atasema amemfuata mwanawe, na majirani wasiojua lolote watamwonyesha mlango. Wangejua, wangepiga kelele.

Kesho asubuhi nenda kituo cha polisi, uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Eleza la panga, na kama una jeraha omba PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ukatibiwe. Askari akikwambia mkayamalize nyumbani, usiondoke, omba kumwona mkubwa wake. Ukitoka hapo mwone afisa ustawi wa jamii, umweleze na suala la uhamisho wa shule. Ukiogopa kuanza peke yako, piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto. Mwenyekiti wa mtaa naye ajue.

Hilo la "mtoto wa ukoo" lisikutetemeshe. Sheria hiyohiyo inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, mpaka mahakama ioneshwe vinginevyo. Wako ana sita, kwa hiyo usikawie.

Shuleni, mwambie mwalimu mkuu ana kwa ana kwamba mtoto asikabidhiwe mtu mwingine yeyote ila wewe au huyo rafiki yako.

Na jina lake mrudishie leo, kabla ya yote hayo. Mwambie hakukosea kitu. Akiuliza baba yuko wapi, mjibu kweli kwa kadiri ya umri wake: baba alikuwa anamuumiza mama, ndiyo maana tuko huku.

Mchungaji, kama kweli anawahurumia, awatafutie mablanketi na kodi ya chumba. Niandikie ukishatoka kituoni.