Msuli kuvutika na unyumbufu: je, si kitu kimoja?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nasomea uuguzi hapa Mwanza. Tumefundishwa kuwa tishu ya misuli ina sifa nne: kusisimka, kusinyaa, kuvutika na unyumbufu. Mbili za mwanzo nimezielewa, ila hizi za mwisho naona kama kitu kimoja kilichotajwa mara mbili. Naomba ufafanuzi. (Msomaji, Igoma)

JIBU: Marahaba. Ni vitu viwili, na mtaalamu wa fiziotherapia kama mimi hukutana na tofauti yake kila siku. Kuvutika ni msuli kukubali kurefushwa bila kuchanika. Unyumbufu ni kurudi kwenye urefu wake ukishaachiwa.

Kumbuka kwanza kwamba msuli huvuta tu, hausukumi, wala haujirefushi wenyewe. Mvuvi akikunja kiwiko kuvuta wavu, msuli wa mbele ya mkono unasinyaa na wa nyuma lazima ukubali kurefuka. Ukigoma, mkono haukunjiki.

Sasa nenda mwalo wa Igombe umtazame sangara, maana minofu yake ni misuli hasa. Akiwa ametoka kufa, mwili unapinda, na ukimbonyeza nyama inarudi. Baada ya saa kadhaa anakakamaa. Msuli husinyaa kwa nyuzi za protini mbili, mayosini na aktini, kushikana na kuvutana. Mayosini huhitaji ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, ili kuiachia aktini; ATP ikiisha, nyuzi hubaki zimeshikana, na kuvutika kumetoweka. Akizidi kukaa bila barafu, vimeng'enya vinakatakata protini, ikiwemo titini, ile inayourudisha msuli kwenye urefu wake. Analegea tena, unamkunja utakavyo, lakini ukimbonyeza alama ya kidole inabaki. Nyama inakubali kuvutwa, hairudi. Wanunuzi wa samaki wanaobonyeza kabla ya kulipa wanapima unyumbufu, na wanapima sawasawa.

Wodini utakutana na mgonjwa aliyefungwa hogo (plasta ngumu ya kushikilia mfupa) wiki kadhaa, kiwiko kikiwa kimekunjwa. Msuli wake bado unasisimka na kusinyaa, ila umezoea ufupi na kiwiko hakinyooki. Tafadhali usimvute kwa kishindo. Ndani ya msuli kuna vipokezi vinavyohisi mvuto wa ghafla na kuuamsha usinyae, kwa hiyo utakuwa unashindana nao. Nyoosha taratibu, ushikilie kama nusu dakika, uachie, kisha urudie, na umwambie akueleze maumivu yanapoanza.