Hotirodi yenye injini ya kisasa: maswali yenu na majibu

Maswali mengi ya safari hii yanahusu kazi moja ya hotirodi, yaani gari la zamani lililotiwa injini yenye nguvu: kuchukua bodi ya zamani, hasa Ford ya 1932, na kuiwekea V8 (injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) ya kisasa ya General Motors ya jamii ya LS. Ford ile ilipotoka kiwandani na V8 yake, injini ilikuwa na nguvu za farasi 65. LS3 ya lita 6.2 iliyofungwa kwenye Corvette ya 2008 ilitoa 430. Kwa hiyo nguvu si tatizo. Shida huanzia kwenye vitu vinavyoizunguka injini: sampu (bakuli la oili chini ya injini), rejeta, propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi ekseli ya nyuma), nyaya na breki.

Fundi, salaam. Nina chasi ya Ford ya 1932, na injini ya lita 5.3 iliyotoka kwenye pikapu pamoja na gia boksi yake. Bodi bado iko kwa mpiga rangi. Wakati naisubiri, nataka nichomelee mauntingi za injini, yaani vishikizo vyake kwenye chasi. Nipime nini?

Usichomelee chochote, ndugu. Bodi iliyopakwa rangi kabla ya injini kukaa mahali pake itakwaruzwa, na huenda ikabidi ikatwe. Irudishe ikiwa haijapakwa, rangi iwe ya mwisho kabisa.

Anza na chasi yenyewe. Mihimili yake miwili ina umbo la C, na ikipata nguvu ya V8 ya leo hujipinda kama kitambaa kinachokamuliwa. Izibe upande wa ndani kwa bamba la milimita 3. Chomelea vipande vya sentimita 3 hadi 5, ukirukaruka: kipande mbele kushoto, kingine nyuma kulia, kisha acha chuma kipoe. Ukienda mstari mmoja bila kukoma, mhimili utavutika na kupinda, na milango haitafunga tena. Kabla ya kuziba, weka nati zote za ndani na ingiza vipande vya bomba mahali boliti za bodi zinapopita. Mhimili ukishafungwa, mkono hauingii tena, na boliti isiyo na bomba ndani itauminya mhimili kila unapoikaza.

Sasa simamisha gari lote kwa boliti chache: bodi, rejeta, feni, boksi la stelingi na fimbo yake, pedali, na manifoldi za ekzosi utakazotumia kweli. Chasi ikae kwenye kimo kilekile itakachokuwa nacho barabarani, na matairi yawe yaleyale. Ndipo injini iingie.

Kwa injini ya pikapu, cha kwanza kitakachogoma ni sampu. Ni ndefu kwenda chini, na kwenye gari la chini itakuwa kitu cha kwanza kugusa barabara. Tafuta sampu fupi iliyotengenezwa kwa ajili ya kuhamishia injini hizi, na hakikisha kina chake kiko nyuma ya chuma kinachokingama mbele ya chasi. Acha angalau milimita 12 kati ya sampu na chuma hicho, milimita 25 kati ya ekzosi na fimbo ya usukani, na milimita 15 hadi 20 kati ya feni na puli ya pampu ya maji. Kumbuka injini hucheza juu ya mauntingi unapokanyaga mafuta, kwa hiyo nafasi unayoiona ikiwa imezimwa sio nafasi utakayokuwa nayo.

Kitu kingine kinachowasumbua wengi ni puli. LS za Corvette, za Camaro ya zamani na za pikapu zina mikanda inayokaa umbali tofauti kutoka kwenye uso wa injini. Ya Corvette iko karibu zaidi, ya pikapu iko mbele zaidi. Puli ya kreni (shafti kuu ya injini), pampu ya maji na mabano ya alteneta lazima yatoke kwenye familia moja. Ukichanganya, mkanda utajikata au utaruka.

Nafasi zote zikikubali, shika mauntingi kwa nukta nne tu za kuchomelea, shusha injini, ipandishe tena, pima upya. Kuchomelea kwa mwisho hufanyika injini ikiwa nje.

Nilibadilisha sampu kama mlivyoshauri zamani. Sasa injini ikipata moto presha ya oili inashuka karibu na sifuri. Kabla ya hapo ilikuwa nzuri. Nimeua beringi?

Zima injini na usiiwashe tena hadi ushushe sampu. Uwezekano mkubwa ni o-ringi (pete ya mpira ya kuziba) ya bomba linalonyonya oili, pale linapoingia kwenye pampu. Kuna o-ringi za unene tofauti kwa mabomba tofauti; ukiweka isiyo yake, au ikikunjwa ukingoni wakati wa kuisukuma, pampu hunyonya hewa pamoja na oili. Bomba hili linashikwa na boliti moja tu, hivyo likikazwa huku limekaa upande, linainuka upande wa pili.

Weka o-ringi mpya inayolingana na bomba lako, ipake oili safi, sukuma bomba kwa kidole hadi likae sawa, ndipo ukaze boliti kwa Nm 12 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Kisha ujaze mfumo oili kwa presha kabla ya kuwasha.

Naweza kuweka kabureta juu ya LS nikaepuka kompyuta?

Kabureta, ndiyo. Lakini LS haina distribyuta, kile kifaa cha kugawa umeme kwa plagi. Kila silinda ina koili yake, kwa hiyo bado utahitaji kiboksi cha kuendesha koili, sensa ya kreni na sensa ya kemushafti (shafti inayofungua valvu). Ukiwa umeshafika hapo, nyaya unazookoa ni chache. Ushauri wetu ni kubaki na sindano za mafuta.

Injini inawaka vizuri, inanguruma sekunde moja au mbili, kisha inazima. Kila mara hivyohivyo. Pampu ya mafuta ni mpya. Nyaya na kompyuta nilinunua mbali na injini.

Kuzima kwa mtindo huo, kila mara kwa muda uleule, ni dalili ya kinga ya wizi. Kompyuta inasubiri ujumbe kutoka kwenye swichi au bodi ya gari ilikotoka, haiupati, na inakata sindano. Kinga hiyo huondolewa kwa programu ndani ya kompyuta. Hakuna waya wa kukata utakaoimaliza.

Ukishaiondoa na tatizo likabaki, pima presha ya mafuta kwenye reli ya sindano. Injini hizi zinataka psi 58 (psi ni kipimo cha presha), karibu bar 4. Filta yenye rigyuleta (kidhibiti cha presha) ndani yake, iliyotumika kwenye Corvette za 1999 hadi 2003, inarahisisha kazi: upande mmoja una tundu la kuingilia na la kurudisha mafuta kwenye tangi, upande wa pili tundu moja la kwenda injini. Ifunge karibu na tangi. Pampu bora ni ile inayokaa ndani ya tangi, kwa sababu mafuta yenyewe huipoza. Ya nje ikifungwa juu ya kiwango cha mafuta, itanyonya badala ya kusukuma, na siku ya joto itajaa mvuke.

Na kwa kuwa ulinunua vipande mbalimbali, hesabu meno ya duara la sensa ya kreni. Injini za kizazi cha tatu zina mfumo wa 24, nyingi za kizazi cha nne zina wa 58. Kompyuta ya mmoja haisomi wa mwingine. Hali kadhalika pedali ya umeme: lazima ilingane na kompyuta. Hii ndiyo sababu tunasisitiza ununue injini, nyaya, kompyuta na pedali kutoka gari moja.

Gari langu linachemka. Niliambiwa nitoe themostati, nikaitoa, ikawa mbaya zaidi. Rejeta ni mpya.

Irudishe leo. Kwenye LS themostati (valvu inayofunguka kwa joto) inakaa mahali maji baridi yanapoingia, na ikifunguka kabisa huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji haipiti rejeta kabisa.

Kisha tazama pembe za juu za silinda hedi. Kuna vibomba vidogo vya chuma vinavyotoa mvuke. Kwenye magari mengi yaliyohamishiwa injini hizi, fundi huviziba kwa sababu rejeta ya zamani haina pa kuviunganisha. Hewa inajikusanya juu ya hedi, maji hayagusi chuma, na geji ya joto inaruka juu na chini bila mpangilio. Unganisha vibomba vya mbele kwa mpira mmoja mwembamba hadi kwenye tangi la juu la rejeta. Ikiwa rejeta yako iko chini ya kimo cha hedi, ongeza tangi dogo la maji lililo juu kuliko vyote, na mfuniko wa presha uwe hapo. Jaza maji ukiwa umeinua pua ya gari.

Kama linachemka kwenye foleni tu, angalia feni: weka karatasi mbele ya rejeta, feni ikiwaka inapaswa kuivuta na kuishikilia. Isiposhikwa, ama nyaya zimegeuzwa na feni inazunguka kinyume, ama haina kava la kuelekeza hewa. Kama linachemka kwenye mwendo mkubwa, feni haina kosa. Tafuta kizuizi cha maji au rejeta iliyo ndogo.

Kuna mtikisiko kuanzia kilomita 90 kwa saa. Matairi yamebalansiwa, propela nayo pia.

Pima pembe. Krosi moja (kiungo kinachojikunja) ya propela ikizunguka kwa pembe, huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili kwa kila mzunguko. Krosi ya pili hufuta kosa hilo, ila tu kama ina pembe sawa na ya kwanza. Mkia wa gia boksi ukiwa umeinama digrii 3, pua ya difu (gia za ekseli ya nyuma) iwe imeinuka digrii 3. Tofauti isizidi digrii 1. Usinyooshe vyote kuwa sifuri: vijiroli vya beringi ndani ya krosi vinahitaji angalau nusu digrii ili vizunguke, la sivyo vitachimba mashimo palepale vilipolala. Pima gari likiwa limekaa kwa matairi yake, na uzito wote ukiwa ndani.

Breki za diski pande zote, masta silinda iko chini ya sakafu. Pedali inazama mara ya kwanza, nikikanyaga mara mbili inakaza. Nimetoa hewa mara nne.

Masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) iko chini kuliko kalipa (kifaa kinachobana diski), kwa hiyo oili ya breki inarudi taratibu yenyewe na pistoni zinajivuta mbali na diski. Weka valvu ya kushikilia presha ya psi 2 kwenye kila laini ya diski. Ile ya psi 10 ni ya breki za ngoma. Ukiifunga kwenye diski, pedi zitakwangua diski muda wote. Hakikisha pia masta silinda yenyewe haina valvu ya ngoma iliyofichwa kwenye tundu la kutokea. Halafu pima uhuru wa fimbo ya pedali: milimita 1.5 kabla haijagusa pistoni. Ikiwa haina uhuru wowote, tundu la kurudishia oili linabaki limezibwa, oili inapanuka kwa joto, na breki zinajishika zenyewe barabarani.

Kama gari halina busta (kisaidizi cha nguvu ya breki), pedali iwe na uwiano wa 6 kwa 1, yaani izidishe nguvu ya mguu mara sita. Wa 4 kwa 1 ni wa magari yenye busta, na bila busta mguu wako hautatosha.