Barua kwa mwanangu: kuhusu mkataba wa Uswidi

Mwanangu Mwanaidi,

Baada ya salamu, sisi huku Mombasa hatujambo. Mama yako goti limepata nafuu, na shangazi yako hapo Edmonton hachoki kunipigia simu kuuliza kama nimekwisha kukujibu. Swali lako nimelielewa. Klabu ya wanawake ya kaskazini mwa Uswidi imekupa mkataba wa msimu mmoja wa kucheza hoki ya barafuni, na pamoja na kucheza utawafundisha wasichana wadogo wa klabu hiyohiyo; huku nyuma kampuni ya bima ya hapo Edmonton inataka jibu lako kabla ya mwisho wa mwezi. Unaniuliza kama hiyo ya Uswidi ni kazi, au ni mchezo uliolipiwa nauli ya ndege.

Nenda, mama. Ila nenda ukijihesabu kuwa kocha ambaye bado anacheza. Mimi niliyemaliza ujana wangu katika chama cha wafanyakazi, nikisomea wenzangu wa bandarini mikataba yao, naona kwamba kucheza kutakupa riziki ya miaka michache, na ukocha ndio utakaokuvusha kutoka nchi moja hadi nyingine.

Ligi za wanawake umeziona mwenyewe zinavyoanza na kufa. CWHL ya Kanada, iliyoanza mwaka 2007, ilichezesha mabingwa wa Olimpiki miaka kumi bila mshahara. Ilipoanza kuwapa posho, ikawa kati ya dola 2,000 na 10,000 kwa msimu, na mwaka 2019 ikafungwa. Hii PWHL, ligi mpya ya Marekani na Kanada iliyochezwa mara ya kwanza Januari 2024, imejengwa vizuri zaidi, kwa sababu wachezaji walikuwa na chama chao na makubaliano ya pamoja kabla ya mechi ya kwanza, kima cha chini kikiwa dola 35,000. Habari hiyo ilinifurahisha kuliko bao lolote. Lakini ilianza na timu sita tu, na wanaozigombea ni wachezaji bora wa dunia nzima. Wewe ni beki mzuri, nami sitakudanganya kwamba mlango huo unakungoja.

Mtazame Carla MacLeod, beki kama wewe. Alipata dhahabu mbili za Olimpiki akiichezea Kanada, mwaka 2006 na 2010, kisha akaenda kuwa kocha msaidizi wa Japani, aliyokuwa nayo katika Olimpiki ya Sochi mwaka 2014. Mwaka 2022 alikabidhiwa timu ya wanawake ya Cheki, ambayo haikuwa imewahi kupata medali katika mashindano ya dunia. Mwaka huohuo ikapata shaba, na mwaka uliofuata ikapata nyingine. Utasema yeye alikuwa na jina. Basi mtazame Sarah Murray, ambaye hakuwahi kucheza Olimpiki. Baada ya chuo alikwenda kucheza Uswisi, na mwaka 2014, akiwa na miaka 26, akapewa timu ya Korea Kusini. Mwaka 2018, zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya Olimpiki ya PyeongChang, serikali za Korea mbili zikamwongezea wachezaji kumi na wawili kutoka Korea Kaskazini, na sharti la kuwapanga angalau watatu katika kila mechi. Mechi mbili za kwanza walifungwa mabao manane kila moja. Kocha kijana aliyeweza kuishikilia timu ya namna ile mbele ya macho ya dunia ana ujuzi ambao kufungwa hakuwezi kuufuta.

Nilipokuja kwenu nilikaa nyuma ya kioo, nimejifunika koti mbili, nikakutazama ukiwafundisha wale watoto. Kulikuwa na mmoja mnene kidogo aliyeogopa kurudi kinyumenyume. Ukapiga goti barafuni, ukamshika kiuno kwa mikono miwili, ukamgeuza polepole mpaka visigino vikajua njia. Hukupiga kelele hata mara moja. Katika mechi zako sijakuona ukiwa na utulivu ule.

Sasa mkataba. Ukocha uandikwe ndani yake kwa saa na kwa malipo, kwa maana maneno ya "utasaidia na vijana" niliyajua tangu bandarini: huwa kazi ya bure. Waulize ni nani atalipia kozi ya ukocha, na kama cheti kitakuwa na jina lako hata ukiondoka katikati ya msimu. Kibali cha kazi wakiombe wao, nacho kitaje kazi zote mbili. Jambo ninalolihofia zaidi ni kuumia. Ligi ya Uswidi iliruhusu kugongana mwili tangu mwaka 2022, tofauti na ulivyozoea chuoni, na nyumba utakayopewa ni ya klabu. Ukivunjika mguu mwezi wa kumi na mbili, nataka kifungu kinachosema utaendelea kulala humo na kulipwa. Miezi ya kiangazi, wakati hakuna mechi, nayo ina kodi na chakula.

Kampuni ya bima iandikie barua ya adabu uombe ikuahirishie mwaka mmoja. Ikikataa, iache. Kazi ya ofisini kwa mtu mwenye shahada yako itapatikana tena.

Uligusia pia kuja kufundisha Nairobi siku moja. Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni mwaka 2024, na wale vijana wa timu ya Ice Lions wamejijenga katika kiwanja kidogo ndani ya hoteli ya Panari, bila kumngoja mtu kutoka ng'ambo. Ukija, uje na vyeti, na kwanza uwasikilize.

Nitumie mkataba wote kabla hujatia saini, pamoja na kurasa za bima ambazo watu hawazisomi. Kama uko kwa Kiswidi, wadai tafsiri iliyopigwa mhuri. Mama yako anauliza kama huko kaskazini kuna duka la nyama halali, maana kwake hilo ndilo swali la kwanza.

Wasalaam,
Baba yako