Kazi ndogo baada ya kuvua joho: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Umeniuliza: “Baba, miezi saba imepita tangu nivue joho. Nimetuma maombi arobaini, waliojibu ni wawili, na wote wamenikataa. Sasa nimepata mkataba wa miezi sita wa kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Niuchukue, au nisubiri kazi ya fani yangu?”

Uchukue. Usome kwanza, hasa kipengele cha notisi ya kuacha kazi, kisha tia saini. Jibu ndilo hilo; yanayofuata ni ya mzee mwenye maneno mengi.

Ndani ya swali lako nasikia jingine: watu watasemaje? Hilo nalijua. Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa bohari, kuhesabu katoni na kuziandika kwenye daftari kubwa. Kalamu ilifungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza isiibwe, na ukifika mstari wa chini uzi unakuvuta mkono. Siku moja aliingia mwenzangu tuliyesoma naye, akauliza jina langu. Nilimwona kabla hajaniona. Nikachuchumaa nyuma ya katoni, mhitimu mzima, mpaka akaondoka. Miaka miwili baadaye tulikutana harusini, ndipo akaniambia kwamba siku ile alikuja kunipa habari: ofisini kwao palikuwa na nafasi ya fani yangu. Nilicheka mbele yake. Usiku sikulala.

Tangu uanze kuhangaika, kuna kisa kinanirudia. Albert Einstein alihitimu Zurich mwaka 1900, akakosa kazi ya chuo. Aliwaandikia maprofesa huku na huku, akaishia kwenye vibarua vya kufundisha vya hapa na pale. Aprili 1901 baba yake, Hermann, mfanyabiashara ambaye mambo yalikuwa yamemwendea kombo, alimwandikia Profesa Wilhelm Ostwald, mwanakemia wa Leipzig, bila mwanawe kujua. Alimwomba amtumie kijana maneno machache ya kumtia moyo na, ikiwezekana, nafasi ya msaidizi. Hakuna jibu linalojulikana. Mlango ulifunguka kupitia Marcel Grossmann, mwanafunzi mwenzake, ambaye Einstein alikuwa akisomea madaftari yake mitihani ikikaribia. Baba yake Grossmann ndiye aliyempendekeza kwa mkuu wa ofisi ya hataza, yaani haki za wavumbuzi, mjini Bern. Juni 1902 Einstein akaanza kazi pale, daraja la 3, akikagua maelezo ya uvumbuzi wa watu. Alikuwa bado kwenye dawati hilo mwaka 1905 alipochapisha makala zilizobadili fizikia. Hermann hakuyaona, alifariki Oktoba 1902. Na Ostwald yule yule, mwaka 1910, akawa wa kwanza kumpendekeza Einstein kwa Tuzo ya Nobel!

Sikuambii utakuwa Einstein. Wapo wengi waliokagua hataza mpaka wakastaafu, na hawakumkosea mtu. Mimi jicho langu liko kwa Grossmann.

Kwa hiyo kabla hujaanza kazi, wapigie simu wale wanne mliokuwa mkijisomea pamoja. Usiwaambie “niko kwenye mambo ya teknolojia.” Sema: naingiza takwimu, mkataba wa miezi sita, natafuta nafasi ya fani yangu. Asiyejua unatafuta nini atakukumbuka vipi? Jumamosi asubuhi iwe ya fani yako; tengeneza kitu ambacho mtu anaweza kukishika na kukikagua. Mwezi wa nne anza tena kutuma maombi, usingoje wa sita. Habari za akiba mama yako amekwisha kukuchosha nazo.

Sasa nikiri langu. Mwezi uliopita nilimwandikia mtu ninayefahamiana naye, mkuu wa idara ya fani yako, nikimwomba akutazame. Sikukuambia. Nilifika nayo posta, stempu imeshabandikwa, nikamkumbuka Hermann, nikarudi nayo nyumbani. Kama alikosea au hakukosea, mpaka leo sijaamua. Barua iko kwenye droo, na jina lililomo ni lako. Niambie: niipeleke, au niichane?

Baba yako